ncdu: mpelelezi wa diski iliyojaa

Naangalia seva ya SACCO moja hapa Arua, mashine kuukuu inayotumia mfumo endeshi wa Debian. Diski ikijaa, hifadhidata hugoma na wanachama hujipanga dirishani wakisonya. Amri ya df huniambia tu kwamba nafasi imekwisha. Du, amri ya kupima ukubwa wa kila folda, nayo hunimwagia mistari hadi macho yaume. Ncdu, programu ndogo ya kukagua diski, hunionyesha mlaji ni nani.

Naandika ncdu -x /, na hiyo -x huizuia isivuke kwenda diski nyingine, kama ile ya USB tunayowekea nakala. Ikimaliza kukagua, folda hujipanga kwa ukubwa, nami naingia ndani kwa mishale ya kibodi. Mtuhumiwa kwetu karibu kila mara ni /var/log, folda ya kumbukumbu za mfumo. Kitufe cha d hufuta, na humo hakuna pipa la taka la kurudishia, hivyo kijana wa mafunzo namfungulia kwa -r, asome tu.

Ninachokipenda zaidi ni -o. Ukaguzi unahifadhiwa kwenye faili, nauhamishia kwenye laptopu na kuufungua kwa -f, hata mtandao ukikatika.

Ila ina upofu mmoja: faili iliyofutwa huku programu bado imeishikilia haiioni kabisa, ilhali df bado inaihesabu. Hapo natumia amri ya lsof +L1, inayoorodhesha faili za namna hiyo, kisha naiwasha upya programu husika.

Ni ya bure: apt install ncdu, na bando halitaumia.