Seti ya pini na geji ya kusetia pampu ya dizeli, uzoefu wangu baada ya kubadili belti ya taimingi

Wakuu, hii seti ninayo miezi kadhaa sasa, nimeitumia kwenye injini 2, yangu na ya shemeji, zote za zamani zenye pampu ya Bosch VE ya kimekanika (ndo inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, na inazungushwa na belti ya taimingi).

Sababu ya kuinunua ni hii. Fundi alinibadilishia belti ya taimingi, akapiga alama za rangi nyeupe kwenye pulei ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) na ya pampu, akavalisha belti mpya, alama zikakutana, gari likawaka, tukaagana. Kasheshe ikaanza asubuhi yake. Stata inazunguka weee mpaka unaihurumia betri, likiwaka linatoa moshi mweupe unaochoma macho, na kwenye kilima limechoka kabisa. Nikabadili hita plagi zote 4, nikapima nozeli, wapi! Kumbe alama za rangi zinakuhakikishia jino tu, ila belti mpya haivuti sawa na ile iliyolegea kwa hiyo pampu inahama kidogo, na pampu haitaki hicho kidogo. Jino lenyewe ndo usiseme, pulei ya pampu ikiwa na meno 48, kuruka jino 1 ni nyuzi 15 za krenki (shafti kuu ya injini), maana krenki inazunguka mara 2 pampu mara 1.

Sasa seti yenyewe. Kuna pini ya kufungia pulei ya pampu, bapa la kuingia kwenye mfereji wa nyuma ya kamshafti, adapta na geji ya mshale inayopima plunja ya ndani ya pampu imesogea milimita ngapi. Geji ndo mali. Unafungua boliti ya katikati nyuma ya pampu, pale mabomba ya nozeli yanapotokea (weka kitambaa, dizeli itachuruzika), unafunga adapta na geji, unarudisha krenki nyuma taratibu kwa spana mpaka mshale ugome kushuka, hapo unaweka sifuri, halafu unaisogeza mbele mpaka alama ya flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) ionyeshe pistoni namba 1 iko juu kabisa, unasoma. Kitabu cha injini yangu kinataka milimita 0.90. Yangu ilisoma 0.74, yaani pampu ilikuwa inachelewa kupeleka dizeli. Nikalegeza boliti za pampu na nati za mabomba, nikaisukuma pampu kinyume na inavyozunguka, nywele tu, mshale ukapanda mpaka 0.90, nikakaza. Na ukikaza inahama tena! Nilirudia mara 3. Kesho yake asubuhi stata kidogo tu, moshi hakuna.

Kwa shemeji nusura niharibu. Namba ilikuwa inakuja juu mno nikaanza kulegeza boliti, bahati nzuri nikakumbuka kuangalia ile kebo ya kuwashia kwenye baridi, kumbe imevutwa, na ikivutwa inawahisha pampu. Nikairudisha ndani, nikapima upya, pampu ilikuwa sawa sikuigusa.

Malalamiko yangu: pini ni nyembamba, inacheza kwenye tundu, usiiamini kusetia, ya kushikilia tu wakati unavalisha belti. Bapa nalo limelegea kwenye mfereji, nikalazimika kuchomeka fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) za unene sawa pande zote 2 ndo kamshafti ikatulia katikati. Karatasi ya maelekezo ni michoro midogo haisomeki, bila kitabu cha injini utapotea. Adapta sina neno, nyuzi zake safi na haikuvujisha.

Ukimaliza toa pini na bapa ZOTE, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, ukisikia imegoma simama hapohapo, hiyo inaweza kuwa valvu imekutana na pistoni, usiilazimishe. Halafu pima tena.

Nyota 4, ya 5 nimeikata kwa ajili ya pini. Shemeji anataka kuiazima, bado nafikiria.