Duka la vito Tunduru baada ya kuvunjwa: bado ndiko ninakonunua mawe

Mimi ni sonara, nipo Masasi. Natengeneza pete na hereni za fedha na dhahabu, na mawe yangu mengi yanatoka Tunduru. Tangu lile duka dogo la vito nyuma ya stendi livunjwe, wateja na mafundi wenzangu wananiuliza kama linafanya kazi na kama ni salama kununua pale. Linafanya kazi. Naandika kwa urefu kwa sababu kuna maneno yanayozunguka kwamba mama mwenye duka alijiibia mwenyewe ili asilipe watu, na maneno hayo yananiuma.

Asiyeijua Tunduru ajue kwanza kwamba mji huu umekuwa ukiishi na mawe tangu mvumo wa katikati ya miaka ya 1990, wachimbaji walipomiminika kwenye changarawe za mto Muhuwesi na vijito vyake, na wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka wakaja na mizani zao. Yanapatikana safaya za rangi nyingi, spineli, garneti, krisoberili na, ukibahatika, aleksandriti. Mawe ghafi siku hizi huuzwa kwenye soko la madini. Duka ninalolizungumzia linauza yaliyokwisha kukatwa: chumba cha mbele cha kuuzia na chumba cha nyuma chenye mashine ya kukatia na kung'arishia. Kwa sonara mdogo kama mimi, anayetaka jiwe moja au mawili ya pete, hapo ndipo penyewe.

Wezi waliingia usiku wa mvua kubwa. Waling'oa bati, wakakata silingi bodi, wakashuka ndani. Ukisikia mvua ya kule inavyopiga kwenye mabati utaelewa kwa nini hata jirani wa ukuta mmoja hakusikia kitu. Sefu hawakuifungua. Ilikuwa ndogo, haijafungwa kwenye sakafu, wakaibeba nzima nzima.

Lakini kilichoumiza mji ni kwamba mawe mengi yaliyokuwa ndani hayakuwa ya mwenye duka. Yalikuwa mali kauli. Mchimbaji akipata jiwe zuri dogo, analileta likatwe, analiacha dukani kwa maneno tu, na likiuzwa analipwa baada ya kukatwa kamisheni. Kila jiwe lilikuwa kwenye karatasi yake nyeupe iliyokunjwa, juu yake uzito kwa karati na herufi za mwenye mali. Mule ndani kulikuwa na spineli mbili za mzee mmoja aliyekuwa akizitegemea kununua godoro, sare na madaftari ya mjukuu anayekwenda shule ya bweni. Kulikuwa na garneti za mama ntilie wa pale stendi, ambaye kwa miaka amekuwa akiwalisha wachimbaji kwa mkopo na kulipwa kwa mawe. Pesa za kununulia fedha na dhahabu za duka zilikuwa mkopo wa VICOBA, kikundi cha mtaani cha kuweka na kukopa. Kwa hiyo usiku mmoja ulizifikia nyumba nyingi ambazo hata mlango wa lile duka hazijawahi kuugusa.

Na mawe si pikipiki kwamba utasoma namba ya chesesi. Karati 5 ni gramu 1. Safaya ya karati 2 unaificha chini ya ulimi. Mwizi akimpata mkata mawe asiyeuliza maswali, jiwe likapunguzwa na kubadilishwa umbo, hata aliyelichimba hatalitambua.

Sasa kuhusu hayo maneno ya kujiibia. Daftari la duka halikuwa kwenye sefu. Mama huwa anarudi nalo nyumbani. Siku chache baada ya wizi aliwaita wote wenye mali, akamwomba mwenyekiti wa mtaa awepo, akalisoma daftari mstari kwa mstari: jiwe gani, karati ngapi, la nani, walikubaliana bei gani. Hata wale ambao hawakuwa na karatasi yoyote mkononi aliwasoma. Mtu anayetaka kukwepa deni angeliacha daftari hilo liibiwe pamoja na mawe. Wakakubaliana kulipwa kidogo kidogo. VICOBA wakamsogezea muda wa marejesho. Analipa mpaka leo, na mama ntilie mwenyewe ndiye aliyenithibitishia, maana nilimuuliza pembeni nikiwa nakula kwake.

Kuna mmoja hajalipwa na hawezi kulipwa. Kijana aliyekuwa akikata mawe pale alichukuliwa kuhojiwa, akaachiwa bila shtaka, lakini mtaa haukumwachia. Akipita kijiweni watu wananyamaza. Akikaa kwa kinyozi wanamuuliza sefu inafunguliwaje. Mwishowe akaenda zake Arusha. Mama alimtetea hadharani na bado anamtetea, anasema, “Yule ni mwanangu, angetaka kuniibia angeniibia jiwe moja moja, nisingejua.” Naliamini neno hilo kwa sababu najua kijana yule alichokuwa akikiweza. Katika biashara hii mtu wa mashine anashika mali ya kila mtu, na ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

Pengo lake linaonekana kwenye mawe. Mkataji wa sasa ana mkono safi wa kung'arisha, lakini anaogopa kupoteza uzito, hivyo anakata jiwe likiwa bapa kwa chini. Jipime hivi: weka jiwe juu ya gazeti, uso juu, litazame moja kwa moja. Ukiweza kusoma herufi kupitia katikati, mwanga unapita badala ya kurudi kwako, na kwenye pete jiwe hilo litaonekana limepoa. Kwenye kikasha cha garneti nilichoonyeshwa mara ya mwisho, nusu nzima yalikuwa hivyo. Nilimwambia mama, akaniita nyuma nimwonyeshe fundi mwenyewe, na fundi akanisikiliza bila kununa.

Huduma imebadilika. Zamani ulikuta meza ya kioo na mawe yote yametandazwa kwenye pamba, unachagua kwa macho. Sasa kuna nondo kati yako na muuzaji, unaandika jina na namba ya simu kwenye kitabu, na unaonyeshwa karatasi moja kwa wakati. Ya pili haifunguliwi mpaka ya kwanza ikunjwe. Inachukua muda, na kwa mtu aliyetoka Masasi kwa basi inachosha. Hata hivyo bado wanakuruhusu kutoka na jiwe juani, isipokuwa mpwa wa mama anasimama nawe. Hilo halina mbadala. Nililetewa aleksandriti ndogo, haifiki nusu karati: nje barazani ilikuwa kijani iliyoelekea bluu, tukarudi ndani akaiweka chini ya balbu ya zamani, ile ya waya, na ikageuka wekundu wa zambarau. Balbu hiyo anaitunza makusudi, kwa kuwa taa nyeupe za kisasa hazikuonyeshi mgeuko huo vizuri.

Mali kauli imekwisha, hata kwa sisi wateja wa siku nyingi. Nilikuwa nikichukua jiwe, nalipa mteja wangu akishanilipa. Sasa ni taslimu au kwa simu. Kwangu ni pigo, maana fundi mdogo hana mtaji wa kulala na mawe. Bei nayo imepanda kidogo, na mama hafichi kwamba ndani yake kuna mlinzi na kuna deni. Mimi naikubali bei hiyo. Mawe makubwa hutayakuta tena; wenyewe hawathubutu kuyaacha. Wachimbaji wengine, ili wasilale na jiwe ndani, humuuzia mnunuzi wa kwanza kwa bei ya kutupa jioni ileile, na hapo ndipo hasara ya wizi huo inapoendelea kila wiki.

Sefu mpya imezamishwa kwenye zege, juu ya silingi kuna wavu wa nondo, na kila jiwe linapigwa picha likiwa juu ya karatasi ya mraba pamoja na uzito na vipimo vyake. Usiku mtaa una ulinzi shirikishi kwa zamu.

Ukienda, nenda asubuhi, kwa sababu saa 10 jioni wanafunga, na Ijumaa mchana hawapo. Dai risiti hata kwa garneti moja, uitunze na jiwe. Na kwa mafundi wenzangu wa Masasi, Songea, Mtwara na Dar: mkiletewa spineli ya waridi yenye umbo la tone, karati 3 na ushei, ambayo ukiiangalia kwa lenzi ina mpasuko mweupe kama unyoya karibu na ncha, msiinunue. Ni ya yule mzee. Pigeni simu polisi Tunduru.