Hina ya kununua unapoanza kuchora: ipi ya kwanza, ipi ya kuiacha dukani

Shaaban ikikaribia, harusi Unguja na Pemba hufuatana, na kila mtaa hutoa msichana mmoja au wawili wanaotaka kuingia katika kazi ya kuchora. Swali lao huwa moja: ninunue hina gani? Wengi wameshakesha na simu wakiigiza maua ya Kihindi na ya Kiarabu, lakini ile hina waliyonayo mkononi hawajui imetiwa nini. Mimi naona tuanzie hapo. Mkono utazoea na mistari itanyooka kwa mazoezi, lakini ngozi ya biharusi ikishababuka hakuna ua la kuifunika.

Jambo la kujua kabla ya kutoa pesa: hina ya kweli haina rangi nyeusi. Jani la mhina lina rangi moja tu, iitwayo lawsoni, nayo hushika kwenye tabaka la juu la ngozi. Ukibandua hina iliyokauka utaona rangi ya machungwa, kisha ndani ya saa 48 inakolea mpaka hudhurungi au maruni. Viganja na nyayo hukolea zaidi, mkono wa juu hubaki hafifu. Hukaa wiki moja hadi tatu, ikitoka kadiri ngozi inavyojibadilisha. Basi ukiambiwa kuna hina inayotoka nyeusi tititi kwa nusu saa, ujue si jani hilo.

Na sasa mpango wangu, kuanzia ninayoipendelea.

1. Unga safi, ujichanganyie mwenyewe

Hii ndiyo ya kwanza, na haina mshindani. Unapochanganya mwenyewe unajua kila kilichoingia, na kwa hesabu ndiyo rahisi kuliko zote: gramu 100 za unga hutoa koni ndogo kama 15, yaani vile vifuko vya plastiki vyenye ncha vya kuchorea.

Madukani Darajani na Mchangani, mjini Unguja, utakuta unga wa namna nyingi. Ule wa Sojat, Rajasthan, huko India, unasifika duniani kwa kukoza, lakini jina kwenye pakiti peke yake lisikutoshe. Tafuta unga wa kupaka mwilini, uliochekechwa laini kama poda, wenye tarehe ya mavuno au ya kufungwa, na orodha ya vilivyomo iwe na kitu kimoja tu: majani ya hina, au jina lake la kitaalamu, Lawsonia inermis. Unga wa nywele mara nyingi ni wa chengachenga, utaziba ncha ya koni kila mstari, na mwengine umeongezwa dawa za rangi.

Upime kabla ya kununua mwingi. Chukua pakiti moja tu. Usugue unga kidogo baina ya vidole: ukikwaruza, una mchanga. Mwaga chembe juu ya karatasi laini nyeupe na udondoshee maji: ikitanda duara la kijani kali papo hapo, umetiwa rangi ili uonekane mbichi. Unga mzuri una kijani kilichofifia na unanukia majani makavu, kama nyasi za ghalani. Kisha changanya kijiko kimoja na ndimu, uache usiku kucha, na asubuhi uweke tone kiganjani kwa dakika tano. Ukifuta ukaona doa la machungwa, hina iko hai. Doa likiwa la manjano hafifu, unga ni mkongwe, mwachie muuzaji wake.

Kipimo changu ni hiki: unga gramu 100, sukari gramu 30, mafuta ya kunukia mililita 30, na maji ya ndimu yaliyochujwa kati ya mililita 240 na 300, ukiyatia kidogo kidogo. Sukari huifanya hina ishike ngozini isipukutike mapema. Funika kwa plastiki, uache kwenye joto la chumba saa nane hadi 12. Kwa joto letu huhitaji kuiweka juani. Ukiinua kijiko, hina iteremke kama utepe usiokatika. Ikidondoka vipande, ongeza ndimu. Kisha ipitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni, uikamue. Kazi hii inachosha mikono, lakini ndiyo inayotofautisha mstari laini na mstari wa kukatikakatika.

Kwenye mafuta ndipo wengi wanapoharibu. Hapa kwetu karafuu imejaa, na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanatengenezwa kiwandani Wawi, Chake Chake, Pemba, kwa hiyo mkono hukimbilia huko. Karafuu inakoza kweli, lakini imejaa eugenoli, kitu kinachowasha ngozi, na kwa kipimo cha mililita 30 utamuunguza mtu. Tumia lavenda, ambayo ngozi nyingi huipokea vizuri. Chupa iwe ya mafuta halisi, si manukato ya kuchomea udi wala ya kuoshea nguo. Mafuta ya taa, petroli na thina visiingie bakulini mwako hata tone, hata akikuambia mtu aliyechora miaka mingi.

2. Koni mbichi kutoka kwa mchoraji unayemjua

Ukiwa na harusi Ijumaa na leo ni Alkhamisi, au hujaimudu soksi bado, nunua koni kwa fundi anayechanganya mwenyewe. Muulize mambo matatu: ametia nini, amechanganya lini, na ameziweka wapi. Jibu la mwisho liwe friza. Hina mbichi kwenye joto la chumba hupoteza nguvu baada ya siku mbili tatu, kwenye friji hukaa takriban wiki moja, na kwenye friza hudumu miezi. Fundi akisita kukutajia alivyotia, usinunue, hata kama maua yake yanasifiwa mji mzima.

Kwa mwanafunzi, koni hizi zina faida nyengine: unajifunza jinsi hina nzuri inavyotoka ncha, ili uijue utakapochanganya yako.

3. Jagua

Huyu ni mgeni. Ni maji ya tunda la Genipa americana la Amerika ya Kusini, na hutoa rangi ya buluu iliyokaribia weusi, ikikolea kwa siku moja hadi mbili na kudumu wiki moja hadi mbili. Nimemweka hapa kwa sababu ndiye jibu la kweli kwa biharusi anayetaka weusi bila rangi ya nywele. Tatizo ni upatikanaji, maana madukani kwetu ni nadra, itakubidi uagize, na njiani kuna bandia. Pia kuna watu wanaodhurika nayo, hasa wenye mzio wa matunda. Jaribu tone moja nyuma ya sikio la mteja siku mbili kabla.

4. Koni za dukani zilizofungwa kwenye boksi

Zinapatikana kila duka la vipodozi, bei nafuu, tayari kwa kukata ncha. Lakini tufikiri pamoja. Koni ya kweli haivumilii wiki nje ya friji. Hii imekaa kontena, bohari, kisha rafu yenye jua, na boksi linasema miaka miwili. Kilichobaki hai humo ndani ni nini? Baadhi ya koni za namna hii zimekutwa na rangi ya nywele iitwayo sodiamu pikramati, na nyengine zina viyeyusho vyenye harufu ya petroli. Zile zinazoahidi rangi kwa dakika tano au kumi ndizo za kuogopa zaidi.

Zinunue kwa kufanyia mazoezi ya mistari kwenye karatasi au sahani. Kwenye ngozi ya mtu, hapana.

5. Hina nyeupe na za gilita

Si hina, ni gundi na rangi. Haziumi sana, lakini hukaa juu ya ngozi kama utando na kuzuia maji ya udhu yasifike. Hina ya jani ikishabanduliwa huacha rangi tu, maji yanapita. Mteja akiomba nyeupe, mwambie hilo mapema, aamue mwenyewe.

Ya kuiacha kabisa: piko

Najua nagusa mila. Piko nyeusi ya kuzungushia hina nyekundu mguuni ni pambo la harusi zetu, na wapo mama watakaokuambia wazi kwamba biharusi bila piko hajapambwa. Ila piko inayouzwa sasa, kwa kawaida, ni unga mweusi wa nywele uliotiwa maji, au uliochanganywa na hina. Weusi wake unatokana na PPD, kwa kirefu parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2, na haikuruhusiwa kupakwa ngozini. Piko haipimwi na mtu, na inaachwa ikauke juu ya ngozi.

Madhara mara nyingi hayaonekani siku hiyo, na ndiyo maana wachoraji wengi husema hawajapata malalamiko. Kuwasha, uvimbe na malengelenge huweza kuja siku kadhaa baadaye, hata wiki mbili, yakifuata mchoro ua kwa ua. Watalii waliochorwa Nungwi au Paje wanakuwa wameshafika kwao. Hubaki mabaka meupe au makovu. Na mwili ukishaikataa PPD, unaikataa maisha: mwanamke huyo huenda akavimba uso siku atakapopaka rangi nywele, akadhurika na rangi za baadhi ya nguo nyeusi, hata na baadhi ya dawa za ganzi. Msichana wa miaka 20 unampa haya kwa ajili ya usiku mmoja wa ukumbini.

Ukiona mchoro umeanza kuwasha, osha kwa maji mengi na sabuni, usipake kitu juu yake, umpeleke mtu kituo cha afya au hospitali ya Mnazi Mmoja, na useme wazi ni piko.

Mama akishikilia weusi, mimi humwambia tuchore siku mbili kabla ya harusi badala ya siku moja, hina ikae saa sita au zaidi, na asiguse maji siku hiyo. Maruni inayotoka kwa unga mzuri kwenye nyayo inakaribia weusi kabisa.

Vifaa na usafi

Koni ya plastiki nyembamba ya kufungia maua ndiyo bora: unaikunja mwenyewe, unaitupa ikiisha. Chupa ndogo yenye ncha ya chuma ya milimita 0.5 humsaidia anayeanza kupata mstari sawa, lakini ncha lazima ioshwe kwa maji ya moto na spiriti kila mteja. Bomba la sindano, bila sindano, hufaa kwa dharura. Pini ya kuzibulia ifutwe spiriti. Isichomwe ngozi ya mtu kamwe.

Osha mikono yako na ngozi ya mteja. Usichore penye kidonda, chunusi mbichi, wala mguu ulionyolewa leo. Mjamzito mchanganyie bila mafuta, rangi itakuwa hafifu kidogo, hapana neno. Watoto wachanga usiwapake hata hina safi: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD upo kwa wingi penye malaria, visiwa vyetu vikiwamo, na hina humvunja mtoto wa namna hiyo chembe nyekundu za damu. Muulize kila mteja kama yeye au nduguze wana tatizo hilo.

Kila koni unayotia friza ibandike karatasi yenye tarehe na jina la mafuta uliyotumia. Itoe saa moja kabla ya kazi, na ikishayeyuka usiirudishe.