Uzoefu wangu na sf: ramani kuchoreka si hoja, hoja ni imechora nini

Pakeji ya sf ndani ya R, lugha ya programu ya takwimu, ndiyo ninayoitumia kwa takwimu zote zinazohitaji ramani, na naipa nyota nne kati ya tano. Mtu akiniuliza kama inasumbua, namjibu ndiyo, lakini usumbufu wake ni wa aina mbili, na aina hizo hazilingani kwa hatari. Kuna pale inapogoma na kukuandikia maandishi mekundu. Hapo huna haja ya kuogopa, maana angalau umejua kuna tatizo. Na kuna pale inapotii kila amri, ikachora ramani ya kupendeza, kumbe ni ya uongo. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya huu ukimya.

Hata hivyo, ukimya huo ni mdogo ukilinganisha na ulivyokuwa zamani. Katika mfumo wa sp, pakeji iliyoitangulia sf, poligoni (maumbo ya mipaka) zilikaa upande wao na jedwali la takwimu upande wake, na kilichoziunganisha ni mpangilio wa safumlalo tu. Ukilitoa jedwali peke yake ukaliunganisha na takwimu nyingine kwa merge, R inalipanga upya kwa kufuata ufunguo. Ukilirudisha mahali pake, takwimu za wilaya hii zinatua kwenye mipaka ya wilaya ile, na hakuna onyo lolote. Katika sf, umbo la kila eneo ni safuwima ndani ya jedwali lenyewe. Panga, chuja, unganisha, umbo linafuata safumlalo yake popote iendapo. Kwangu mimi hilo pekee lilitosha kunihamisha. Na kama bado una msimbo wa zamani wenye readOGR au readShapePoly, kuhama si hiari tena: pakeji zilizobeba amri hizo, rgdal na maptools, pamoja na rgeos, zilistaafishwa Oktoba 2023, na mashine mpya haitazipata kwa njia ya kawaida.

Kuingiza data ni amri moja tu, st_read, na mara nyingi inapogoma kosa si lake. Shepufaili, licha ya jina lake, si faili moja. Ni kundi la faili zenye jina moja na viambishi tofauti: .shp ina maumbo, .shx ni faharasa, .dbf ni jedwali, .prj ni maelezo ya mfumo wa koodineti. Watu hutuma .shp peke yake kwa barua pepe wakidhani wametuma ramani. Ikikosekana .shx, R inakataa kusoma, lakini ujumbe wenyewe unakupa dawa: weka SHAPE_RESTORE_SHX kuwa YES, na faharasa itaundwa upya. Ikikosekana .dbf, utapata mipaka isiyo na majina, na hapo hakuna dawa zaidi ya kumrudia aliyekutumia. Majina yakija na herufi za ajabu mahali pa é au ñ, tafuta faili ya .cpg, inayotaja usimbaji wa herufi. Isipokuwepo, taja mwenyewe usimbaji wa herufi unaposoma.

Ikikosekana .prj, faili inasomeka vizuri kabisa. Hapo ndipo nawasihi watu wapunguze kasi.

Kabla sijachora chochote, naandika st_crs kisha st_bbox. Amri ya kwanza inanieleza data inadai iko kwenye mfumo gani wa koodineti, na ya pili inanionyesha namba zenyewe. Namba zikiwa kati ya -180 na 180 kwa upande mmoja, na -90 na 90 kwa upande wa pili, huenda ni digrii za longitudo na latitudo. Zikiwa laki tano na kitu, tena nyingine zikafika mamilioni, hizo ni mita, na mara nyingi ni UTM, mfumo unaoigawa dunia kanda 60 za upana wa digrii sita. Katika kila kanda mstari wa katikati hupewa thamani ya mita 500,000, na kusini mwa ikweta huongezwa mita milioni kumi ili namba zisiwe hasi. Ukishajua hayo mawili, namba tupu zinaanza kukueleza zilikotoka.

Tatizo ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko yote ni kuchanganya st_set_crs na st_transform. Ya kwanza inabandika lebo tu, haigusi namba hata moja. Ya pili inazikokotoa namba upya kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Faili ya mita ikibandikwa lebo ya EPSG:4326, yaani ya digrii, R haitaihamisha. Itaamini tu kwamba kuna mahali duniani penye longitudo laki tano. Ukiweka tabaka la pili lililo sahihi juu yake, matokeo ni karatasi nyeupe yenye vidoa viwili vidogo kwenye pembe zilizo mbalimbali. Hapa sf inastahili sifa, kwa sababu ukijaribu kubadilisha lebo ya data yenye mfumo wake tayari, inakuonya kwamba kubadilisha lebo si kuhamisha data. Lakini data isiyo na lebo haionywi. Utakachoibandika ndicho itakachokiamini.

Nukta zinazotoka kwenye jedwali la kawaida zina vituko vyake. Katika st_as_sf, longitudo hutajwa kwanza halafu latitudo, wakati watu wengi tunapozungumza tunaanza na latitudo. Zikigeuzwa, nukta zinahamia bara jingine au zinaangukia baharini, na hilo ni rahisi kuliona. Gumu ni pale ambapo namba hizo mbili zinakaribiana, kwa sababu nukta zinasogea kidogo tu na zinaonekana kama ziko mahali panapowezekana. Thamani ikikosekana kabisa, sf inagoma, nami naishukuru. Aliyejaza data akiandika sifuri mahali pa pengo, utaona kundi la nukta kwenye Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na mstari wa longitudo sifuri. Ukiona hospitali zako zinaelea huko, usiilaumu programu.

Ukishapita hapo unafika kwenye kuunganisha takwimu na mipaka, na hapa ndipo muda wangu mwingi unakoishia. Majina ya maeneo ni ufunguo mbaya. Nafasi moja ya ziada mwishoni mwa neno, kistari upande mmoja na nafasi upande wa pili, herufi kubwa na ndogo, na tayari eneo limekosa mwenzake. Kodi za namba ni afadhali, ingawa nazo zina mtego: sifuri ya mwanzo. Kodi za kaunti za Marekani, kwa mfano, huanza na kodi ya jimbo, na Alabama ni 01. Zipitishe kwenye Excel au read.csv bila kutaja kwamba ni maandishi, sifuri itaondoka. Ukitumia left_join ya dplyr, pakeji ya kushughulikia majedwali, kuunganisha namba na maandishi kunaleta hitilafu papo hapo. Ukitumia merge ya kawaida, inajaribu kuzilinganisha bila kusema kitu, zinazofanana zinaungana, na za sifuri zinapotea njiani. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha huwa naendesha anti_join, inayotoa safumlalo zilizokosa mwenzake, pande zote mbili. Orodha inayotoka ndiyo orodha ya kazi ya siku hiyo.

Kuna jambo jingine la kuunganisha ambalo sijaona likitajwa vya kutosha. Chukua mipaka yenye eneo moja kwa kila safumlalo, na takwimu zenye miaka mitano kwa kila eneo. Left_join inazidisha safumlalo mara tano bila onyo, kwa sababu kitaalamu hakuna kilichoharibika. Ukichora, poligoni tano zinalaliana, na unachokiona ni ile ya juu tu. Ramani yako ya “wastani” imekuwa ramani ya mwaka mmoja. Linganisha nrow, yaani idadi ya safumlalo, kabla na baada ya kuunganisha. Zikitofautiana, simama hapo hapo. Na mipaka itangulie kwenye amri: ukianza na jedwali la takwimu, kinachotoka si sf tena, na itabidi ukirudishe kwa st_as_sf.

Toleo la 1.0 la sf, lililotoka 2021, lilileta badiliko lililowaudhi wengi. Tangu hapo data ya digrii hukokotolewa kwa s2, yaani kama iko juu ya tufe na si karatasi bapa. Mahesabu ya maumbo yanayokatana yakaacha kuichukulia dunia kuwa bapa, lakini mipaka ambayo zamani ilipita bila maswali ikaanza kukataliwa: mistari inayojikata yenyewe, vipeo vinavyojirudia, pete zilizofungwa ovyo. Dawa inayosambazwa ni sf_use_s2(FALSE). Inafanya kazi, lakini kuitumia bila kuchunguza ni kuzima king'ora cha moto kwa sababu kinakupigia kelele. Mimi naanza na st_is_valid nijue ni maeneo gani yana kasoro, kisha st_make_valid, halafu nayatazama maeneo hayo kwa macho, kwa sababu ukarabati huo unaweza kugeuza poligoni kuwa mchanganyiko wa poligoni na mistari. S2 naizima kama kasoro imegoma kabisa na kazi yenyewe ni ya kuchora tu, si ya kupima.

Kuhusu uchoraji wenyewe sina mengi. Amri ya plot ikipewa jedwali zima hutoa ramani ndogo ndogo za safuwima kadhaa kwa pamoja, jambo linalowashtua wageni. Taja safuwima moja kwenye mabano ya mraba, yaishe. Mipaka yenye undani mwingi mno inachosha kompyuta, lakini st_simplify hurahisisha kila poligoni kivyake, hivyo majirani huachana na nyufa hubaki kati yao. Pakeji ya rmapshaper huhifadhi mpaka wa pamoja, na kwa ramani za utawala ndiyo ninayoishika.

Wanaofanya kazi na Stata, programu nyingine ya takwimu, hawajaachwa nyuma. Tangu toleo la 15 la 2017, amri ya spshape2dta huigeuza shepufaili kuwa faili mbili, moja ya takwimu na nyingine ya mipaka yenye _shp kwenye jina lake, na grmap huchora. Zisitenganishwe, na ile ya mipaka isibadilishwe jina. Pia Stata huchukulia koodineti kuwa za karatasi bapa mpaka uiambie kwa spset kwamba ni digrii, na usipoiambia, umbali wote utakaopata utakuwa upuuzi. Kwa modeli za takwimu za kianga bado naiheshimu. Kwa kusafisha data chafu, narudi R.

La mwisho ni kuhifadhi. Baada ya kazi yote hiyo, st_write ikiandika shepufaili hukata majina ya safuwima yabaki na herufi kumi, kwa sababu muundo huo hauruhusu zaidi. Onyo linatolewa, ila ni jepesi kulipita. Mimi huhifadhi kwa GeoPackage, faili moja tu yenye kiambishi .gpkg, majina marefu ruksa, mfumo wa koodineti ukiwa ndani yake. Jihadhari tu na kitu kidogo: ukiisoma tena, safuwima ya maumbo mara nyingi hurudi kwa jina la geom badala ya geometry, na msimbo ulioitaja kwa jina la awali utakwama. Tumia st_geometry badala ya jina, na hutalazimika kulijali jina hilo hata siku utakapobadilisha muundo wa faili tena.