Una hela ya kitabu kimoja tu cha X-Men? Usianze na namba 1

Kuna dogo wa mtaani kwetu ameangalia movie zote za X-Men (lile kundi la masupahiro wa kampuni ya komiki ya Marvel) mpaka zile mbovu, juzi kanifuata ananiambia bro mi nataka sasa komiki yenyewe, nikanunue namba 1 si ndio? Nikamwambia namba 1 ipi? Akacheka akadhani namtania.

Sikuwa namtania. X-Men namba 1 ipo ya 1963, ipo ya 1991, ya 2010, ya 2013, ya 2019, ya 2021 na ya 2024, na hapo sijagusa Uncanny X-Men ambayo nayo imeanzishwa upya mara kibao. Mauzo yakipoa kidogo tu Marvel wanafuta namba wanaanza moja. Kwa hiyo ukienda kununua kwa kufuata namba utapigwa. Mi nanunua kwa kufuata kikosi, yaani X-Men ichukulie kama klabu ya mpira, jezi ni ile ile ila wachezaji wanasajiliwa wanauzwa wanaumia wanarudi, na kocha ni mwandishi, akibadilika kocha timu nzima inacheza mpira mwingine. Hebu tupange sasa, nimepanga kwa ladha yangu na mfuko wangu, usiponielewa ni sawa.

NAMBA MOJA, na sitaki ubishi hapa, ni kikosi cha 1975.

Kwanza ujue ilikuwaje. X-Men ya Stan Lee na Jack Kirby ilitoka 1963 ikajikongoja miaka saba hivi, mauzo hayaridhishi, toleo la 66 mwanzoni mwa 1970 likawa la mwisho kuwa na hadithi mpya. Kuanzia 67 mpaka 93 ni marudio, walikuwa wanachapisha tena hadithi za zamani wanabadilisha jalada tu (kwa hiyo mtu akikuuzia toleo la 80 eti ni hadithi adimu, ni adimu kweli, ila ushaisoma). Yaani timu ilikuwepo kwenye ligi kwa jina tu.

Halafu 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakatoa Giant-Size X-Men namba 1. Angalia lile jalada vizuri, kikosi cha zamani kimechorwa nyuma wametulia kama picha ya ukutani, halafu kikosi kipya kinapasua hiyo picha kinatokea katikati mbio kinakuja kwako. Sijaona jalada linalosema ukweli kama lile. Hadithi yenyewe ni fupi, kikosi cha kwanza kimepotelea kwenye kisiwa kinaitwa Krakoa, Professor X, mwanzilishi wa timu, anazunguka dunia kutafuta watu wa kwenda kuwaokoa. Anamkuta Nightcrawler Ujerumani anakimbizwa na wanakijiji wana mienge, Colossus yuko shambani Urusi ya Kisovieti, Wolverine anatolewa jeshini Canada, Banshee Muairishi, Sunfire Mjapani, Thunderbird ni Muapache. Na Storm wanamkuta Kenya, watu wanamwabudu kwa sababu anawaletea mvua.

Hapo kwa Storm ngoja nipumzike kidogo maana ni wetu. Mama Mkenya, baba Mmarekani mpiga picha, kazaliwa New York, wazazi wamefia Cairo, akakulia kuchomoa watu pochi mitaani ndio akashuka huku kwetu. Jina lake Ororo, na komiki zinasema maana yake ni uzuri. Sasa sisi tunaotumia Kiswahili kila siku tunajua -ororo ni laini, ngozi nyororo, moyo mwororo, halafu unaletewa mama anayerusha radi. Mi kila nikisoma nacheka peke yangu.

Kilichonifanya nikipende kikosi hiki ni kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika wa namba. Sunfire anaondoka mapema tu, kagoma. Thunderbird anakufa toleo la 95 (baada ya Giant-Size, hadithi mpya ziliendelea kwenye X-Men ile ile kuanzia 94), yaani hata hajazoea jezi, anang'ang'ania ndege ya adui, inalipuka nayo. Na Wolverine huyu unayemjua wewe nusura aachwe, alikuwa wa benchi, mtu mfupi mwenye hasira ambaye waandishi hawakujua wamfanyie nini, mpaka John Byrne alipoingia kuchora kuanzia toleo la 108, na Byrne kwa kuwa amekulia Canada hakukubali Mkanada pekee kwenye timu aachwe. Kocha wa kuandika kuanzia 94 ni Chris Claremont, na huyo alikaa miaka 16. Kumi na sita! Klabu gani siku hizi inavumilia kocha hivyo.

Ununue nini hasa? Chukua Epic Collection, yaani kitabu kinachokusanya matoleo mengi pamoja, inayoitwa Second Genesis, jalada laini, rangi zote, inaanza na Giant-Size kisha 94 kwenda mbele mpaka 110. Epic bei ya jaladani inacheza kwenye dola 40 mpaka 50, mtumba inashuka. Kuna Omnibus pia, mkusanyo mkubwa zaidi, jalada gumu, kurasa zaidi ya 800, inakufikisha toleo la 131. Ni nzuri sana ila mi nilimwagiza shangazi aliyekuwa anarudi toka Marekani, akafika airport ya kule begi limezidi kilo, akaanza kupunguza vitu, alivyokishika akanipigia simu, we mtoto hiki ni kitabu au tofali? Akaacha blenda yake ndio kitabu kikaja. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo hiyo blenda inatajwa. Kwa hiyo Omnibus hapana, labda kama unaishi huko huko.

Halafu kuna Essential, nayo ni mikusanyo, hizi ni za zamani hazichapwi tena, karatasi kama ya gazeti na hazina rangi, nyeusi na nyeupe tu, ila nene na kwenye mtumba ni bei chee, ya kwanza ina Giant-Size na 94 mpaka 119. Mi nimeanza na hiyo, ukiikuta kwa wauza mitumba wa vitabu wamepanga chini usiulize mara mbili. Ila sikia tahadhari yangu hapo chini.

NAMBA MBILI ni Dark Phoenix, toleo la 129 mpaka 137, mwaka 1980. Claremont na Byrne wakiwa kwenye fomu yao ya juu kabisa. Kama hela yako ni ndogo kuliko ya Epic basi hiki kipo peke yake kama kitabu chembamba na ndio ningekuambia uchukue. Kitty Pryde anaingia hapa, Emma Frost anaingia hapa, toleo moja hilo hilo la 129. Jean Grey, yule Marvel Girl wa kikosi cha kwanza, nguvu zinamzidi anageuka Dark Phoenix, anakula nyota, na sayari ya nyota hiyo yenye watu bilioni tano inateketea. Mpango wa mwanzo wa waandishi ilikuwa asife, anyang'anywe nguvu tu arudi nyumbani, bosi wao Jim Shooter akakataa, akasema mtu ameua sayari nzima halafu anarudi nyumbani kunywa chai? Mwisho ukachorwa upya, 137 Jean akafa. Hapo bosi alikuwa sahihi na waandishi walikuwa wamekosea, nasema mimi.

Na tahadhari ndio hii. Usinunue hiki kwenye Essential. Jean nguo yake ni ya kijani, na siku anapogeuka inakuwa nyekundu ya damu ya mzee, picha hiyo moja ndio roho ya kitabu kizima. Mi nilisoma nyeusi na nyeupe, nikafika hapo nikapita kama napita kituo cha daladala, sikujua kitu kimebadilika. Miaka baadaye naiona yenye rangi nikabaki mdomo wazi.

Kingine, ukiona kitabu kimeandikwa Days of Future Past kwa maandishi makubwa ujue hadithi yenyewe ni matoleo mawili tu, 141 na 142, kinachobaki ni vingine vya kujazia. Ni tamu, dunia ya mbele imeharibika maroboti yanatawala (na hiyo dunia ya mbele ilikuwa mwaka 2013, tumeupita bana), ila Epic yenye Dark Phoenix inakwenda mpaka 143 kwa hiyo utakuwa umeshaipata humo humo, usilipe mara mbili.

NAMBA TATU God Loves, Man Kills ya 1982. Kitabu kimoja, hadithi moja, hauhitaji kujua chochote kabla, na bei ni rafiki. Claremont tena, anachora Brent Anderson. Adui sio mtu mwenye mapembe, ni mhubiri wa kwenye televisheni. Kurasa za kwanza watoto wawili weusi wanauawa usiku wananing'inizwa kwenye bembea za shule ili wenzao wawakute asubuhi, na anayekuja kuwashusha ni Magneto, yule yule adui wa siku zote, anawashusha taratibu. Usimnunulie mtoto mdogo hiki kwa kuona picha za masupahiro jaladani, nakuomba.

NAMBA NNE House of X na Powers of X, 2019, mwandishi Jonathan Hickman. Hizi ni mfululizo mbili wa matoleo sita sita zilizosukwa pamoja kama mkeka, ukisoma moja ukaacha nyingine hupati kitu, ndio maana lazima ununue kitabu kilichoziunganisha kwa mpangilio. Kile kisiwa cha Krakoa kilichowameza 1975 kwenye hadithi hii ndio nchi yao, wana lugha yao, wana dawa wanazouza duniani, wakifa wanafufuliwa. Nimeweka nne badala ya mbili kwa sababu moja, ukiwa haujasoma ya 1975 utaona ni kisiwa tu, na kuna kurasa zimejaa michoro ya grafu na maelezo kama ripoti ya ofisi ambazo wengine wanaziruka. Zama hizo za Krakoa ziliisha 2024. Kitu cha kuchekesha, kipindi hicho walianza kuwapa wasomaji kura ya kuchagua mchezaji mmoja wa kikosi, 2021 akashinda Polaris, 2022 Firestar, 2023 Juggernaut, ambaye kwa miaka mingi alikuwa adui anayebomoa kuta za shule yao.

Ya tano Astonishing X-Men iliyoanza 2004, mwandishi Joss Whedon na mchoraji John Cassaday. Hii ndio ya mtu aliyetoka kwenye movie moja kwa moja, kikosi kidogo, Cyclops, Emma Frost, Beast, Wolverine, Kitty, na mmoja ambaye sikutajii. Matoleo 24 na moja la kufungia, imeisha, haina mikia. Haikuumizi kichwa. Basi.

Ya sita New X-Men ya mwandishi Grant Morrison, 2001 mpaka 2004. Wamevua zile nguo za kubana wamevaa majaketi. Kuna kisiwa kinaitwa Genosha ambacho komiki zimekiweka huku huku kwenye Bahari ya Hindi upande wa Madagaska, kwa hiyo jirani kabisa, na mwanzoni tu mwa hadithi watu milioni 16 wanauawa huko. Uandishi moto, ila wachoraji wanabadilika badilika, sura ya mtu ukurasa huu sio ya toleo lijalo, inaudhi.

Ya saba X-Men ya 1991, mchoraji Jim Lee. Hapa ndio dogo wangu anapopapenda. Timu ilikuwa imejaa mno mpaka wakaigawa mbili, bluu na dhahabu, bluu ina Cyclops, Wolverine, Rogue, Gambit, Psylocke, Beast. Michoro ni ya kubandika ukutani, hadithi ni ya kawaida, Claremont mwenyewe aliondoka baada ya matoleo matatu. Hiyo namba 1 ilichapwa na majalada matano tofauti na ikauza nakala zaidi ya milioni nane, rekodi ya dunia. Sasa fikiria, milioni nane na watu waliziweka kwenye nailoni wakisubiri zipande bei. Hazijapanda. Mtu akikutajia bei ya dhahabu kwa hiyo kitu eti ni ya kwanza, mwache aendelee kuiweka. Mi niliwahi kulipia nakala mtandaoni kwa muuzaji mmoja aliyeapa ni ya 1963, picha kaificha kona, ikaja hiyo ya 1991 tena imelowa. Nimejifunza kuomba picha ya jalada zima na ya ndani palipoandikwa mwaka.

Ya mwisho, ndio, ni ya 1963 yenyewe. Najua ni dhambi. Vijana watano, Cyclops, Marvel Girl, Beast, Angel na Iceman ambaye mwanzoni alichorwa kama sanamu la theluji. Maneno mengi kila kiboksi, kila mtu anatangaza anachofanya wakati anakifanya. Isome baadaye ukishawapenda, kama unavyoangalia picha za shule za mkeo.

Kuna kikosi sijakipanga, cha katikati ya miaka ya 80, Storm kanyolewa kiduku, kanyang'anywa nguvu zake, na bado toleo la 201 anapigana na Cyclops kugombea uongozi akiwa hana nguvu hata moja na anamshinda. Ningekiweka juu sana, ila vitabu vyake vinaisha sokoni haraka na vikirudi vinarudi na bei ya kichaa. Hicho ndio kisome kwenye simu, Marvel Unlimited, app ya Marvel ya kusomea komiki, ni kama dola 10 kwa mwezi na ina matoleo zaidi ya elfu thelathini, lipia mwezi mmoja, soma kama mwendawazimu, kata. Kwenye simu ndogo picha za kurasa mbili zinakuwa shida, azima tableti ya mtu.

Dogo nilimwelezea yote haya karibu saa nzima, kaandika kwenye simu yake, kanishukuru sana. Jana kanitumia picha, kaagiza ya 1991. Kwa sababu ya Gambit. Nimemwambia ikifika naazima mimi kwanza.