Mpiga sanduku yuko kwenye jalada, sanduku lenyewe wamelifuta

Albamu hii ya kidumbak, ule muziki wa ngoma na fidla wa Zanzibar, inauzwa kwa jina la maisha ya Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na kwenye jalada kuna mzee kakamata ufito, mguu kaukandamiza juu ya sanduku la chai, kamba imekazwa: hilo ndilo sanduku, besi ya kidumbak. Haya, isikilize sasa. Wimbo wa kwanza hadi wa saba, sanduku halimo. Kilichowekwa ni besi ya kinanda, ile ile laini inayotoka kwenye kila wimbo wa studio siku hizi. Neno langu ni moja: msinunue.

Nilipouliza pale inapouzwa, kijana aliyeichanganya sauti alinijibu bila ya kuinua macho kwenye simu yake: "Sanduku nani analitaka tena, bwana? Watu wanasikilizia simu."

Jibu hilo limenikera hadi leo, kwa sababu hata kwa hesabu yake mwenyewe kakosea. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nene. Chini ya hezi 200 hivi haibakii kitu cha maana. Besi ya kinanda aliyoichagua nguvu zake zote ziko huko chini, kwa hivyo kwenye simu inayeyuka. Sanduku ni chengine kabisa. Mbali na mvumo wake, kuna kidole kinachokwaruza kamba na kuna ubao mwembamba unaogonga kila kamba inapoachiwa. Sauti hizo ziko juu, simu inazitoa vizuri tu. Ukitaka besi isikike kwenye simu, basi sanduku ndilo la kuweka. Yeye kaliondoa, akabakiwa na nyimbo zisizo na chini.

Na uharibifu haukuishia hapo. Sanduku halina noti zilizopangwa. Mpigaji anaulaza ufito au anausimamisha, kamba inakaza au inalegea, sauti inapanda na kushuka kwa kuteleza. Fidla nayo inateleza vile vile, na vyombo hivi viwili vinasubiriana: fidla ikishuka, sanduku linashuka nayo. Kinanda hakishuki na mtu. Kinabaki pale pale kwenye noti yake, na fidla inayoteleza juu yake inasikika kama imepotea njia. Msikilizaji anamlaumu mpiga fidla, kumbe mtu wa watu kapiga sawasawa. Kwenye wimbo wa tatu jambo hili linaumiza masikio, wallahi.

Halafu kuna dumbak, zile ngoma ndogo za mkono. Mlio wa sanduku ni mfupi: du, umekwisha, na katika ule uwazi dumbak mbili zinajibizana. Besi ya kinanda inavuta, inaujaza uwazi wote, na ile dumbak nene inazama. Fundi kaliona hilo, na badala ya kuondoa kinanda, kapandisha cherewa za kutikiswa na mkwasa wa vijiti vya kugonga mpaka vinachoma. Kosa moja analifunika kwa jengine.

Kurikodi sanduku si kazi ya miujiza. Usiliweke moja kwa moja juu ya saruji, liweke juu ya mkeka uliokunjwa, la sivyo sakafu itanguruma pamoja nalo. Maiki ikae shubiri moja na nusu kutoka kwenye tundu, ubavuni kidogo, si mbele ya tundu lenyewe, maana pumzi ya sanduku inaipiga maiki na kuzipasua sauti. Baina yake na ngoma simamisha godoro. Dumbak zipashwe moto kabla ya kuanza na zirudiwe kila zikilegea, khasa masika, maana unyevu unazilegeza ngozi upesi. Na wapige wote pamoja chumba kimoja. Kidumbak nyimbo zinaunganishwa, moja inaingia ndani ya mwenziwe na mwendo unazidi kupanda, kwa hivyo ukimvisha mpigaji kliki masikioni, ule mlio wa mashine unaohesabu mwendo usiobadilika, unamkata miguu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenziwe walikwenda Bombay 1928 na kurikodi kwa vifaa ambavyo leo vingeonekana vya makumbusho, na hadi sasa ukisikiliza sahani zile unajua nani kashika fidla na nani kashika udi.

Linalonitia uchungu zaidi ni kwamba maneno ya albamu hii ni ya hali ya juu. Wimbo wa tano ni wa mfereji: maji yanatoka usiku wa manane, madumu ya lita 20 yamepangwa foleni tangu alasiri, na mwanamke anayajua ya kila nyumba kwa rangi ya kifuniko. Analalamika kwa sauti ya chini kwa sababu watoto wamelala. Wimbo wa sita ni wa chumba cha kupanga kilichogaiwa kwa pazia, na mvua ya masika inapoingia, pazia ndilo linaloanza kurowa. Hakuna ubeti hata mmoja unaowaonea huruma watu wa Kwahani au Jang'ombe, mitaa ya huko huko Ng'ambo. Unawasikiliza wakizungumza wenyewe. Muda mrefu sijasikia ushairi wa namna hii ukiimbwa.

Sasa sikilizeni wimbo wa nane. Umewekwa mwisho kabisa, bila ya jina, inaonekana ni mazoezi yaliyonaswa kwa maiki moja. Dakika kumi na moja, nyimbo nne zimeunganishwa, mtu anakohoa, kiti kinaburuzwa. Na sanduku limo! Linavuma, linateleza, linamfuata mpiga fidla kila anapokwenda, na wimbo wa mfereji ukirudi mle ndani kwa mwendo wa kasi, yule mwanamke hanong'oni tena, anadai maji yake. Huo ndio muziki wenyewe.

Kwa hivyo nalirudisha neno langu la mwanzo, nunueni, maana pesa hiyo hata kwa wimbo wa nane peke yake ni halali. Lakini msikubali kutiliwa kwenye fleshi faili lililobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde, linaunguza fidla yote. Dai la kilobiti 320 na umwambie muuzaji aufungue wimbo wa nane mbele yako kabla hujalipa, kwa sababu baadhi ya nakala zinazozunguka zinaishia wa saba.