Usinunue Mjusi Kwenye Duka Kubwa la Wanyama Kabla Hujatazama Hii

Karibuni tena kwenye chaneli. Leo sizunguki, nawapa jibu mapema kabisa: mnyama, hapana. Vifaa, baadhi ndiyo. Na hili boksi lililo hapa mezani, hapana kabisa, na nitalifungua mbele yenu muone wenyewe. Kwa hiyo tulia, usiondoke, maana sehemu ya jiwe ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii.

Swali mnaloniletea ni lilelile. Umeingia kwenye duka la wanyama, haya makubwa yenye matawi mengi, umemkuta geko chui nyuma ya kioo, anakutazama, bei yake ndogo. Nimchukue? Geko chui ndiye huyu hapa, mjusi wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mnene. Anakula nini, analala saa ngapi, hayo mnayajua na video zake zipo, sitayarudia. Leo tuzungumze anakotoka, na anauzwa pamoja na nini.

Tuanze na boksi, kwa sababu limeniudhi. Wanaliita seti ya kuanzia. Ukisimama mbele ya yule mjusi, utaelekezwa hapa: chukua hili, lina kila kitu. Haya, tulifungue. Tanki dogo la kioo, sawa. Bakuli, sawa. Mfuko wa mchanga wa rangi, nitausema baadaye. Taa. Kipimajoto cha kubandika. Halafu hili hapa, jiwe la joto. Kwenye picha ya boksi mjusi amelala juu yake, amefumba macho, raha mustarehe.

Sogeza kamera hapa. Hili si jiwe, ni kitu kilichofinyangwa kikafanana na jiwe, ndani kina waya wa umeme. Unachomeka, linapata moto. Hakuna kitufe cha kupunguza, hakuna themostati, yaani kifaa kinachozima na kuwasha umeme ili joto lisizidi kiwango ulichoweka, hakuna chochote. Limekaa kwenye umeme tangu kabla sijaanza kurekodi. Na hiki mkononi ni kipimajoto cha kuelekeza, unakilenga kwenye kitu, unabonyeza, kinakusomea joto la juu ya kile kitu.

Tazama namba. Pembeni hapa, 29. Nasogea kidogo, 36. Sasa katikati, hapa penye kishimo. Kwa nini wameweka kishimo? Ili mjusi alaze tumbo. Nabonyeza: 48. Narudia msije mkasema mkono umetikisika: 48. Ni jiwe dogo, linaenea kwenye kiganja changu, na kutoka pembeni hadi katikati tumeruka karibu nyuzi 20. Geko chui anahitaji sakafu ya upande wa joto iwe kama 32 hadi 34. Hapa panapoitwa kitanda chake ni 48.

Subirini, bado. Kipimajoto cha kubandika, kilichotoka boksi hilihili. Nimekibandika palepale maelekezo yanaposema, kwenye kioo, sehemu ya juu. Kinasema 25. Nyuzi 25! Kinapima kioo, na kipo juu, wakati mjusi yuko chini sakafuni. Sasa fikiria mtu mwenye mnyama wake wa kwanza. Anasoma 25, anaona mjusi wangu ana baridi huyu. Atafanya nini? Ataongeza moto. Hajakosea yeye, amefuata kifaa alichouziwa.

Na mtauliza, mjusi si atashuka akisikia moto? Hilo ndilo linaloumiza. Reptilia mwili wake hautengenezi joto kama wako, anategemea mazingira. Hewa ya tanki ikiwa ya baridi, mgongo unabaki baridi hata kama tumbo lipo juu ya moto, kwa hiyo anang'ang'ania pale pale. Madaktari wa wanyama wametibu matumbo yaliyoungua kwa mawe haya kwa miaka mingi, na bado yanafungwa kwenye boksi lenye picha ya mjusi anayelala kwa raha. Mimi hapo ndipo ninapokasirika.

Unachohitaji badala yake ni zulia la joto chini ya tanki, au taa ya joto kutoka juu, na chochote utakachochagua kipite kwenye themostati. Kitambuzi chake, kale kawaya kenye kichwa, kikae sakafuni mahali mjusi anapolala. Themostati ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya tanki, kabla ya mnyama mwenyewe. Ndani ya boksi hili hakimo.

Mchanga: mjusi mdogo anayewinda funza juu ya mchanga anaumeza, na ukijaa tumboni unamziba. Weka karatasi ya jikoni, hasa mwanzoni. Inakuonyesha na kinyesi pia, na kinyesi tutakihitaji.

Taa sitaimaliza leo, ina video yake. Ila mwenye mjusi mwenye ndevu, yule wa Australia, sikia hili moja: mwanga wa UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo mwili wake unaihitaji kuimarisha mifupa, haupiti kwenye kioo. Kama taa umeiweka nje ya kioo, mnyama wako hapati kitu, mifupa italainika, taya litakuwa laini, miguu itapinda, na wewe kila siku unaona taa inawaka. Hata kumweka dirishani jua likimwangaza, kioo kikiwa kimefungwa, hakumsaidii kwa hilo.

Kabla sijaendelea, habari za chaneli. Kuna muuzaji wa seti za namna hii aliyetaka nimfanyie video ya kulipwa. Nimekataa. Video hii haina mdhamini, na kila kilicho mezani nimenunua. Pia kuanzia mwezi ujao vipindi vya moja kwa moja vitakuwa vya maswali ya afya tu, tukiwa na daktari wa wanyama, kwa hiyo anzeni kukusanya maswali. Jiandikishe, bonyeza kengele, tuendelee.

Sasa mnyama mwenyewe. Duka la matawi kwa kawaida halizalishi mijusi. Linanunua kwa muuzaji wa jumla, na yeye amekusanya kutoka kwa wafugaji wengi. Wanyama wa huyu na wa yule wanakutana kwenye ghala moja, wanasafirishwa pamoja, wanaingia kwenye tanki moja dukani. Hapo ndipo ugonjwa wa mmoja unapokuwa wa wote.

Kwa geko chui ninaouogopa kuliko yote ni kriptosporidia. Ni kimelea cha utumbo. Mjusi anakula lakini hanenepi, anatapika, anaharisha, na mkia unakwisha. Mkia wa geko ndiyo ghala lake la mafuta, mzima unautaka uwe na unene unaokaribia shingo. Hadi leo hakuna dawa ya uhakika ya kumsafisha kabisa, na mayai ya kimelea hiki yanastahimili dawa nyingi za kusafishia, hata klorini ya kawaida. Kwa hiyo duka linaposema tunasafisha matanki kila asubuhi, nawaamini kwamba wanasafisha, lakini kwa hili haitoshi.

Nilikwenda kwenye tawi moja, jina sitalitaja, kutazama kabla ya video hii. Tanki moja, geko kadhaa. Wanne wamebanana chini ya pango moja. Wa tano yuko pembeni peke yake mchana kweupe, macho nusu, mkia umekonda kama penseli, na kidole kimoja cha mguu wa nyuma kimebanwa na ngozi ya zamani aliyoshindwa kuivua, ncha imeshakuwa nyeusi. Ngozi ile isipoondolewa damu haipiti, kidole kinakatika. Nikamuuliza kijana wa zamu, hawa wamezalishwa na nani? Hajui. Walianguliwa lini? Hajui. Wakubwa hawa wanapigana wakiwekwa pamoja, hasa madume, hilo unalijua? Akaniambia hakuna aliyemwambia. Na mimi simlaumu, kwa sababu kijana huyohuyo alikuwa anapanga magunia ya chakula cha mbwa, anavua samaki, na anajibu simu. Lawama ni ya aliyeamua kwamba hiyo ni kazi ya mtu mmoja.

Najua mnachofikiria. Kaka, si ungemnunua umwokoe? Moyo unasema hivyo na wangu ulisema. Lakini kwenye hesabu za duka, mjusi mgonjwa ameuzwa, fedha imeingia, nafasi ipo wazi, na oda ijayo itaijaza. Ukimnunua kwa huruma unalipia na atakayefuata. Muite meneja, mwonyeshe mnyama kwa kidole, mwambie huyu anahitaji daktari leo. Ukirudi ukakuta hali ileile, peleka taarifa kwa mamlaka ya ustawi wa wanyama iliyo karibu nawe, na picha yenye tarehe.

Ila niseme haki. Si matawi yote yapo hivi. Yapo yenye mfanyakazi mmoja anayefuga reptilia nyumbani, na unaiona tofauti ukiingia tu: kila tanki lina themostati, kila mnyama peke yake, maji safi. Na kuna kitu kimoja duka la matawi lina ubora kuliko wafugaji wengi: ukirudi na tatizo unajua mlango wa kugonga, na mara nyingi kuna muda wa kurudisha mnyama. Mfugaji wa mtandaoni anaweza kuzima simu.

Kwa hiyo nani badala yake? Mfugaji anayekuonyesha wazazi wa mnyama, tarehe ya kuanguliwa, na kumbukumbu za kula. Akisita kukuonyesha wazazi, ondoka. Vituo vya kupokea wanyama walioachwa pia, na hapo ndipo ningeanzia mimi, kwa sababu geko chui anaishi miaka 15 hadi 20 na watu wengi wanachoka mapema. Unampata mkubwa, tabia yake inajulikana, mara nyingi na tanki lake. Maonyesho ya reptilia yana wafugaji wazuri na wachuuzi walionunua jumla juzi, meza zao zipo jirani, swali la wazazi ndilo litakalowatenganisha.

Na kuhusu neno “amezaliwa kifungoni”, kuweni makini. Kwa mjusi mwenye ndevu neno hilo halinisumbui, kwa sababu Australia hairuhusu biashara ya kupeleka nje reptilia wake wa porini walio hai, waliopo sokoni ni vizazi vya kufugwa. Lakini chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojikunja duara wakiogopa, ni hadithi nyingine. Ghana, Togo na Benin zimeuza nje vifaranga vingi kwa utaratibu wa kuwakamata majike wenye mimba porini, kungoja watage, mayai yaanguliwe, watoto wasafirishwe. Mtoto ameanguliwa kwenye boksi, ni kweli, lakini mama alitoka porini. Wengi wao wanafika na kupe na wanagoma kula. Popote unaponunua, uliza: wazazi wake wako wapi sasa hivi?

Kasa wadogo wa majini wenye mistari myekundu masikioni, acheni. Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa mwenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, tangu 1975, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kupata salmonela, bakteria wanaoharisha. Umoja wa Ulaya ukazuia kuingizwa kwa hawa wenye masikio mekundu mwaka 1997, kwa kuwa watu wakichoka waliwamwaga mitoni. Jike anafika sentimita 25 na zaidi. Yule anayeenea kwenye bakuli la plastiki atataka maji ya kuogelea kwa miongo.

Bei. Ile bei ndogo kwenye kioo isikuvute. Mnyama ndiye sehemu rahisi kuliko zote. Tanki, themostati, taa, na kipimo kimoja cha kinyesi kwa daktari vinampita mara kadhaa. Kama bajeti yako inamtosha mjusi na hili boksi tu, subiri miezi, nunua kidogo kidogo.

Vitu ninavyonunua kwenye duka la matawi bila shida: mapango, mabakuli, unga wa makumbi ya nazi wa kutandika, kipimajoto cha kidijitali chenye waya. Nyenje wa kulisha pia, ila tikisa kontena kwanza, ukiona waliokufa ni wengi rudisha kwenye rafu.

Na kama umeshaamua, siwezi kukushawishi uache duka hilo, basi usimchukue siku ya kwanza. Omba alishwe mbele yako. Tazama macho yote mawili yamefunguka, hesabu vidole, angalia tundu la haja liwe safi, mkia uwe mnene. Kwa nyoka, mpitishe kwenye karatasi nyeupe, ukiona vidoa vyeusi vinatembea huo ni utitiri, mwache. Akifika nyumbani akae chumba tofauti na wanyama wako wengine siku 90, vifaa vyake peke yake, mhudumie wa mwisho, na unawe mikono. Wiki ya kwanza chukua kinyesi kwenye ile karatasi, peleka kwa daktari, omba kipimo cha kriptosporidia kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha minyoo kinaweza kisimwone. Na huyo daktari mtafute kabla ya kununua, mwulize waziwazi kama anatibu reptilia. Wengi wanatibu mbwa na paka tu.

Video ijayo ni taa za UVB, za bomba dhidi ya zile zilizojikunja, nimeazima mita na nitazipima zote mbele yenu. Tuonane Jumamosi.